Jina Liko kwa Dobi

Nchi ninayoisimulia hapa sitaitaja jina, na tafadhali msifikiri naogopa. Naipenda nchi hiyo. Ndiko nilikozaliwa, ndiko nilikochanjwa, na ndiko nilikokopeshwa kwa mara ya kwanza. Silitaji jina lake kwa sababu za kisheria tu, nanyi mtazielewa tukifika mbele. Na kama mmelitafuta jina langu mimi msimuliaji mkalikosa, nalo halijapotea. Liko kwa Dobi.

Zamani, kabla ya maendeleo, mtu wa kwetu akishindwa kulipa deni waliambizana kwamba ameharibu jina. Yalikuwa maneno ya barazani tu, na kesho yake mtu alikunywa kahawa na hao hao waliomsema. Serikali yetu, ambayo haipendi maneno yasiyo na vitendo, ikaona huo ni uzembe. "Kama jina limechafuka," alisema Waziri wa Uaminifu, Mheshimiwa Daktari Nyangumi, huku akipangusa jasho kwa leso yenye nembo ya taifa, "basi lifuliwe!" Ikaundwa Idara ya Usafi wa Majina, ikajengewa ghorofa la vioo kwa mkopo nafuu kutoka ng'ambo. Wananchi, kwa uvivu wao wa kutamka mambo marefu, wakaiita Dobi.

Utaratibu wake ni mwepesi. Ukichelewesha rejesho, jina lako linachukuliwa. Huliandiki tena wala huitwi nalo. Kwenye karatasi zote unakuwa Fulani. Mtaani kwetu tulikuwa na Fulani wa mkaa, Fulani wa bombani, Fulani mrefu, na Fulani mwingine ambaye hatukumpa kitambulisho kwa kuwa alikuwa mkali. Jina lenyewe huandikwa kwenye kipande cha shuka jeupe na kuanikwa kwenye kamba mbele ya lile ghorofa, kandokando ya barabara kuu, ili wapita njia wasome. Mbunge mmoja aliwahi kuuliza inakuwaje nguo ianikwe kabla ya kufuliwa. Alitolewa ukumbini kwa kutumia lugha ya kuudhi.

Halafu ikaja Sheria ya Kutaja. Waziri mwenyewe aliifafanua redioni kwa upole kama baba: "Ukimtaja mtu, maana yake unamjua. Ukimjua, unamwamini. Na ukimwamini, ndugu yangu, mlipie!" Kwa hiyo yeyote atakayetamka hadharani jina lililoko kwa Dobi anahesabika papo hapo kuwa mdhamini wa mwenye jina hilo. Serikali ikaajiri Wasikilizaji, watu nadhifu wenye vinasa sauti, ikawatawanya sokoni, harusini na misibani. Misiba yetu ikawa mifupi sana. Tulizika, tukamwombea Fulani, tukaenda zetu.

*

Sasa nifike kwa jirani yangu. Yeye namtaja bila wasiwasi, maana jina lake nimeliona kwa macho yangu limekwisha kupigwa pasi. Anaitwa Bi Sikudhani, mshonaji wa sare za shule.

Jina hilo alipewa na mama yake. Mama huyo alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, mawifi wakaanza kumtafutia kaka yao mke mwingine, na alipopata mimba ukubwani kila aliyemjia kwa hongera alimjibu neno hilo moja: sikudhani. Mtoto alipozaliwa hapakuwa na haja ya kutafuta jina, lilikuwa limeshakaa mdomoni mwa mama.

Deni la Bi Sikudhani lilitokana na elimu. Wizara ilitangaza kwamba wanafunzi wote nchini watavaa zambarau, rangi ambayo wataalamu wamethibitisha kuwa inaongeza ufaulu wa hisabati. Bi Sikudhani akakopa benki, akajaza chumba kizima majora ya zambarau. Shule hazijafunguliwa, Wizara ikatangaza kwamba zambarau inachosha macho na watoto warudi kwenye kaki. Zambarau iliingizwa nchini na shemeji wa mkurugenzi, kaki ikaingizwa na mkurugenzi mwenyewe. Kwetu tunajali sana usawa ndani ya familia.

Ili kuilipa benki akakopa kwenye simu. Ili kuilipa simu akakopa kwa wale tunaowaita kausha damu, ambao hawachukii kuitwa hivyo. Wameliandika wenyewe kwenye bango, na picha ya tone moja jekundu. Wakaja wakabeba friji. Wakarudi wakabeba kochi. Mara ya tatu, walipokuta hakuna cha kubeba, Dobi akachukua jina.

Lugha ya mtaa wetu ikapata taabu. Jina la mtu mwingine unaweza kuliepuka, lakini hili la jirani yetu ni neno la kila siku. Mtoto wa Mzee Kibwana alirudi kutoka ng'ambo bila taarifa, baba mtu akafungua mlango, akamwona, machozi yakamtoka, akaanza, "Si... si..." Msikilizaji aliyekuwa akipita akanyoosha kinasa sauti. "...sikutarajia!" akamalizia mzee, na Msikilizaji akakishusha kwa huzuni. Shuleni nako, mwalimu wa sarufi akifika kwenye kukanusha kitenzi kudhani, alikohoa na kuwapa watoto mapumziko.

*

Siku moja Bi Sikudhani alinikuta nimekaa kibarazani kwangu, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Jirani, nimechoka kulipa deni kwa deni. Kuanzia leo sikopi hata chumvi."

"Na hao wanaokudai?"

"Nitawalipa. Sitawakimbia wala kuzima simu. Nitamwendea mmoja mmoja nimwambie uso kwa uso, ninacho hiki, chukua hiki."

Nilicheka, na mpaka leo naona haya nilivyocheka. Mama wa watu alifanya alivyosema. Alianza na kausha damu, kwa sababu deni lao ndilo lililokua hata mwenyewe akiwa amelala. Aliketi mlangoni kwao mpaka wakakubali kufuta faini, si kwa huruma, ila alikuwa akiwasimulia wateja wapya yaliyompata. Ile zambarau aliikata mapazia, foronya, aproni na vifuniko vya viti. Mtaa wetu wote mpaka leo unalala kwenye zambarau, na sijaona hisabati zetu zikiwa bora. Aliuza bangili za harusi yake. Hakulia alipoziuza. Alilia siku alipomaliza deni la mwisho, pale mwenye kukopesha alipompa mkono akamwambia, "Karibu tena."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Binti yake, Tausi, aliyekuwa ameolewa siku nyingi bila kupata mtoto, na mawifi zake nao wameanza yale yale, alikuwa mjamzito.

"Akiwa wa kike, ni jina lako, mama," Tausi alimwahidi.

Desturi ya kwetu ni kwamba siku ya arobaini bibi humtoa mtoto nje, husimama naye kizingitini, huliita jina lake kwa sauti, na majirani huitikia, "Tumelisikia!" Mtu asiyeitwa kizingitini tunamhesabu kama mgeni maisha yake yote. Lakini sheria ilikuwa wazi: mtoto akipewa jina lililoko kwa Dobi, naye anaandikwa kuwa amechafuka. Wapo watoto mtaani kwetu waliowekwa kwenye kamba kabla ya kuota meno.

*

Nilimsindikiza kwa Dobi. Ndani kuna chumba cha Kuloweka, cha Kufikicha, cha Kusuuza na cha Pasi, na kila chumba kina foleni yake na picha ya Mheshimiwa Nyangumi akitabasamu. Tulipofika Pasi tukampata afisa mwandamizi, Bwana Kilua, kijana mwenye tai pana na adabu nyingi.

"Jina?"

"Si mnalo nyie?"

"Haya, Fulani. Naona hapa hudaiwi na mtu."

"Alhamdulillahi."

"Usishukuru, mama. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Mtu asiyedaiwa, sisi tutajuaje kama ni mlipaji?"

"Si nimelipa?"

"Umelipa madeni mabaya. Kulipa huko kumekutoa uchafu, hakujakutoa mikunjo. Jina lako limekunjamana mno, siwezi kukukabidhi hivi. Sasa utachukua Mkopo wa Pasi, utaulipa polepole bila kuchelewa, nasi tutalinyoosha."

"Nikope ili mjue nimeacha kukopa?"

"Hapo sasa tunaelewana," alisema Bwana Kilua kwa furaha ya kweli. "Nina swali moja la utaratibu. Wakati unanunua ile zambarau, ulidhani itakuwaje?"

"Jibu la swali hilo liko kwenye kamba yenu."

Bwana Kilua alitabasamu asielewe, akaandika kitu. Kisha akasema kwamba Mkopo wa Pasi unatolewa dirisha la pili, ila kwanza aletwe mdhamini mwenye jina safi.

"Mwanangu, nitampata wapi? Mtaa mzima uko kwenye kamba. Hata wewe, nimesoma jina lako wakati naingia, pale karibu na nguzo ya taa."

Bwana Kilua alitupa jicho dirishani. "Lile ni la binamu yangu," akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

Tausi alijifungua salama, mtoto wa kike, mashavu hayo! Kadi ya kliniki ikaandikwa Fulani Mdogo. Arobaini ikasogea, na mdhamini hakuna. Tausi, kwa kumwonea mama yake huruma, akaanza kusema, "Basi tumwite Neema, mama. Neema si baya." Bi Sikudhani akasema kweli si baya. Akarudi kwenye cherehani yake akashona upindo ule ule wa pazia mara mbili. Mimi niliumia, na mtu yeyote mwenye mama angeumia.

*

Huku nyuma, mambo makubwa ya kitaifa yalikuwa yakitokea. Mnakumbuka lile ghorofa la vioo lilijengwa kwa mkopo nafuu. Unafuu ulikuwa umekwisha. Ng'ambo nako wana Dobi wao, na kamba yao ni ndefu kuliko yetu, na asubuhi moja tukasikia kwamba jina la nchi yetu limechukuliwa. Kwenye mikutano ya mataifa wajumbe wetu sasa walikaa nyuma ya kibao kilichoandikwa Nchi Fulani. Hapo ndipo mtanielewa nilivyoanza. Anayelitaja jina lile analidhamini, nami nina watoto.

Taifa likataharuki. Ikabidi Mheshimiwa Nyangumi ajitokeze moja kwa moja hewani, na vipaza sauti vyote vya mitaani vikafunguliwa. Mwandishi wa habari mmoja akamuuliza kama, siku alipotia saini mkopo ule, alitegemea kwamba nchi itafika hapa.

"Nakushukuru kwa swali zuri," alianza Waziri. "Kimsingi, sisi kama Serikali tuko kwenye mchakato. Zipo changamoto, na ipo mikakati. Lakini ukiniuliza mimi kama mimi, mbele ya Mungu na mbele ya wananchi, kwamba taifa letu tukufu lingekuja kuanikwa kama taulo, nasema hivi: sikudhani! Nasema bila woga: sikudhani! Na nitarudia hata kesho nikiulizwa: sikudhani!"

Cherehani ya jirani ikasimama. Bi Sikudhani akatoka nje, tepe ya kupimia ikining'inia shingoni, akatutazama tulivyoduwaa.

"Nimesikia vizuri mimi?"

Msikilizaji wa zamu alikuwa amesimama katikati ya njia, kinasa sauti mkononi, taa yake nyekundu inawaka. Alikuwa mtumishi mwaminifu. "Ametamka mara tatu," akasema, na akaenda kuripoti.

*

Kesho yake tulikuwa kwa Bwana Kilua mlango unapofunguliwa.

"Nimeleta mdhamini," alisema Bi Sikudhani.

Bwana Kilua alikuwa ameshaipata taarifa, na tai yake ilikuwa imelegea. Akaisoma sheria, akaigeuza, akaisoma tena. Akapiga simu Wizarani. Kwanza wakataka kujua kama jina la mdhamini ni safi, wakitumaini si safi. Wakakagua. Jina la Mheshimiwa Nyangumi lilikuwa jeupe pe! Hakuwahi kukopa hata shilingi maishani mwake. Alikuwa akipewa tu.

Wizara ikajitetea kwamba Mheshimiwa alilitamka kama kitenzi na si kama jina. Mwanasheria wa Serikali akasema kwa masikitiko kwamba sheria inasema "atakayetamka", na haikutaja aina za maneno. Ikaitwa Tume ya Lugha kwa dharura, maprofesa watupu, ikaketi ukumbi wa chini. Sisi tulikuwa ukumbini tunasikia.

"Sikudhani," alisema mwenyekiti, "ni kitenzi kikanushi cha wakati uliopita, nafsi ya kwanza umoja."

"Naomba nitofautiane na mwenyekiti," alisema profesa wa pili. "Sikudhani, katika muktadha huu, inaweza kuwa nomino ya pekee."

"Sikudhani ipi hiyo unayoizungumzia, Profesa?"

"Sikudhani hiyo hiyo, Profesa!"

Wasikilizaji, nyuma ya ukumbi, walikuwa wakibadilisha betri. Kufikia adhuhuri Bi Sikudhani alikuwa na wadhamini wengi na wenye hadhi kuliko mfanyabiashara yeyote wa nchi ile.

Akamrudia Bwana Kilua, akaketi, akaweka mkoba wake mezani.

"Mwanangu, hebu niambie. Huo Mkopo wa Pasi, mkubwa kabisa mnaoweza kunipa ni kiasi gani?"

"Mama?"

"Nawaza kiwanda. Cha zambarau. Nikishindwa kulipa si mnajua pa kumpata mdhamini? Nyumba yake ile pale, inaonekana hata kutoka hapa."

Simu ya mezani ililia kabla Bwana Kilua hajafungua mdomo. Alisikiliza amesimama wima, akiitikia "ndiyo mheshimiwa" baada ya kila pumzi. Alipoiweka chini akatangaza kwamba Serikali sikivu, baada ya kutafakari kwa kina, imebaini kwamba jina la mama huyu halikuwa na mkunjo wowote. Makosa yalikuwa ya pasi. Mkopo hauhitajiki, na tafadhali sana asikope.

"Na mimi nilisema sikopi hata chumvi," alijibu Bi Sikudhani.

Wakamkabidhi jina lake kwenye mfuko wa nailoni, limenyooka, linanukia sabuni ya unga. Hatujafika getini, simu yake ikalia ujumbe. Akanipa nimsomee, kwani miwani aliisahau. "Ndugu Sikudhani, hongera! Jina lako sasa ni safi. Unaweza kulichafua tena kwa kubonyeza moja." Akaizima, akaitia mkobani pamoja na foronya zake za kuuza.

*

Msifikiri wananchi wa nchi ile ni wajinga. Wiki hiyo hiyo foleni ilizunguka ofisi ya kubadilisha majina. Fulani wa mkaa aliomba kuanzia sasa aitwe Mchakato. Fulani wa bombani akachukua Changamoto. Fulani mrefu alikuja amechelewa akakuta Mikakati imeshakwenda kwa mtu wa mtaa wa pili, akachagua Kimsingi, na mpaka leo hajutii. Ofisi, ambayo hulipwa ada kwa kila badiliko, haikuona ubaya wowote, na majina mapya yakaanikwa kwenye kamba yakiwa bado na wino mbichi.

Jumatatu Mheshimiwa Nyangumi alisimama kuhutubia. "Kimsingi," alianza, na kabla sentensi haijaisha akawa amedhamini watu wa wilaya nzima. Wasaidizi wake wakamshika mkono akae. Naibu wake akajaribu kuokoa jahazi kwa kusema hizo ni changamoto tu katika mchakato, na Hazina ikapiga simu kumwomba afumbe mdomo. Makatibu wakuu walikaa usiku na mchana wakitafuta hotuba isiyo na maneno hayo. Waliipata moja. Ilikuwa na maneno "Habari za asubuhi."

Serikali ikanyamaza. Sheria ya Kutaja haikuwezekana kufutwa, kwa sababu mswada hauwezi kufika bungeni bila waziri kusimama na kuuzungumzia. Vipaza sauti vya mitaani, ambavyo tangu utoto wangu sikuwahi kuvisikia vikipumzika, vikatulia. Uzinduzi ukakoma. Tukaanza kusikia vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, kama jogoo, na kinu cha jirani, na mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya barabara.

Arobaini ya mtoto ilikuja katika ukimya huo. Tulijaa mbele ya nyumba, Mchakato, Changamoto, Kimsingi na wengine, na Mzee Kibwana na mwanawe. Mapazia ya zambarau yalikuwa yamefungwa pembeni ili mlango uonekane. Bi Sikudhani akatoka amembeba mjukuu wake, akasimama kizingitini. Kwa muda mrefu alikuwa hajalitamka jina hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Akavuta pumzi, akaita.

"Sikudhani!"

"Tumelisikia!" tukaitikia, na Msikilizaji, aliyekuwa ameachishwa kazi na amekuja kula pilau tu, aliitikia kuliko sote.

Kisha Bi Sikudhani akamgeukia binti yake akampa mtoto. Tausi alimpokea, akamtazama yale mashavu, akakumbuka miaka yote ile na maneno ya mawifi, na machozi yakamdondokea mtoto usoni.

"Sikudhani," alisema.

Hakuna aliyejua kama alikuwa anamwita mtoto au anasema tu, na hakuna aliyemuuliza.